Kesi ya Orpha

Ezéchiel alimkana mke wake kwa Kiingereza, saa nne asubuhi, akiwa amesimama wima mbele ya mlango wa vioo wa jengo la ghorofa kumi na nne kule Sandton, mtaa wa matajiri. Alimkana kwa sababu alimpenda. Ndivyo dunia ilivyo: mtu huweza kutenda ovu kwa moyo mweupe kabisa, na ovu lenyewe lisijali moyo ulikuwa na rangi gani.

Simu ilitetemeka mfukoni. Mlinzi wa mlangoni haruhusiwi kugusa simu akiwa kazini, na msimamizi wake, jamaa mmoja mwenye tumbo na redio ya mkononi, alikuwa ameshamwandikia onyo moja. Lakini kwa wiki tatu sasa Ezéchiel alikuwa akiivunja sheria hiyo kila simu ilipoita, kwa kuwa namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye faili la mkewe Orpha hospitalini. Simu ya Orpha mwenyewe ilikwapuliwa na vijana karibu na Park Station. Akajibanza nyuma ya chungu kikubwa cha maua, akapokea kwa sauti ya chini.

Mwanamke aliyepiga aliongea Kiingereza cha haraka. Alitaja jina lote, Orpha Nabintu Cirhuza, bila kuruka hata moja. Halafu akalitoa lile neno. Alisema anapiga kuhusu trial.

Ezéchiel alikuwa na Kiingereza cha kazi tu: habari za asubuhi, tia sahihi hapa, lifti iko kushoto. Lakini trial alilijua, tena alilijua kwa machungu. Mwaka uliopita jirani yao Parfait alikamatwa na karatasi ya ukimbizi iliyokwisha muda. Kila walipompelekea chakula kituoni, polisi waliwaambia wangojee trial. Wakangojea. Siku ya trial Parfait aliingia mahakamani na viatu alivyoazimwa na Ezéchiel, akatolewa mlango wa nyuma hadi Lindela wanakokusanywa wageni, na kutoka Lindela akapakiwa kwenye ndege ya Kinshasa. Mtu wa Bukavu, Kinshasa hajawahi kuikanyaga maishani mwake.

Na Orpha alikuwa na sababu ya kutafutwa. Siku ile aliyokatwa hospitalini kipande cha nyama ya mwili cha kupimwa, watu waliovaa fulana za rangi moja walikuwa wamesimama getini mwa hospitali wakidai kitambulisho cha raia kabla mgonjwa hajapita. Walimwambia arudi kwao akatibiwe huko. Orpha, kitambaa kichwani, mwili umebaki mifupa, akausukuma mkono wa kijana aliyemzuia. Kijana akapiga ukunga kwamba amepigwa. Polisi akaja, akawapitisha ndani kwa huruma, ila kwanza akaliandika jina la Orpha kwenye daftari lake na kusema watampigia. Basi watu wawili siku hiyo walimwahidi simu: daktari ndani, polisi nje.

Mwanamke wa kwenye simu aliendelea. Mama aje Alhamisi. Aje na karatasi yoyote ya kumtambulisha. Aje na dawa zote anazomeza. Kutakuwa na fomu ya kutia sahihi; alisema consent, yaani ridhaa, na Ezéchiel akasikia sentence, yaani hukumu. Nauli watarudishiwa. Serikali gani hiyo inayomrudishia mgeni nauli? Huo ni mtego. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba mwanamke yule alisikika kama mtu mwenye furaha.

"Namba si yake," Ezéchiel akasema. "Hakuna Orpha hapa. Mtu huyo simjui."

Akakata. Akaifungia namba ile isiweze kumpata tena, kisha akarudi mlangoni kuwafungulia watu waliobeba vikombe vya kahawa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wala hakujilaumu. Alijiona mwanamume, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi ya kumwangalia mkewe akiumwa huku mikono yake mwenyewe mitupu.

&nbsp;

Walikaa Joubert Park, ghorofa ya tano, katika nusu ya sebule ya watu. Fleti ya vyumba viwili ilikuwa na familia nne. Sebule ilikatwa katikati kwa mbao nyembamba. Upande mmoja Ezéchiel, Orpha na binti yao Benita wa miaka tisa, upande wa pili Denise, Mrundi, na mumewe Alexis, fundi cherehani. Ukipiga chafya upande huu, upande ule wanakuombea afya.

Jioni hiyo Ezéchiel alirudi na samaki. Orpha alikuwa ameketi kitandani akimsuka Benita. Zamani alikuwa akisuka vichwa vitano kwa siku. Sasa kichwa kimoja kilimchukua siku mbili, naye hupumzika kila baada ya mstari.

"Simu haijaita?" akauliza.

"Bado."

"Walisema wiki tatu. Leo ni wiki tatu na siku moja."

"Wazungu wana mambo mengi."

"Dokta yule si Mzungu. Ni Mhindi."

"Basi Wahindi nao wana mambo mengi."

Orpha akacheka kidogo, akashika ubavu. Hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi, na safari hii alikuwa na haki ya kutumaini. Kansa ilikuwa imeanzia kwenye titi. Walilikata, wakampa dawa za mshipani zilizomtoa nywele na kucha, kansa ikalala mwaka mmoja, kisha ikaamkia kwenye ini. Dawa za zamani zimefika mwisho, daktari alisema, lakini kuna stadi. Hilo ndilo neno alilotumia siku zote, study, yaani utafiti wa dawa mpya, na wao wakalifanya lao: stadi. Alieleza taratibu, akichora kwenye karatasi. Dawa za zamani ni kama kupulizia dawa ya mende ndani ya nyumba: mende wanakufa, na wewe mwenye nyumba unakohoa mpaka unazimia. Hii mpya inautafuta mlango wa kansa peke yake, inabisha hodi, ikifunguliwa inaingia na sumu yake humo humo. Haiponyi, asiwadanganye. Inaongeza muda. Mwaka, pengine zaidi, kwa watu wengine zaidi sana. Lakini si kila kansa ina mlango huo, ndiyo maana kile kipande cha nyama kilipandishwa ndege kwenda Ulaya kuchunguzwa.

"Nyama yangu imepata viza mbele yangu," Orpha alisema siku ile, na daktari alipotafsiriwa akacheka mpaka akavua miwani.

Mwaka mmoja Orpha alikuwa ameshaugawa. Benita angefika darasa la nne. Angemfundisha kupika, kwa sababu mtoto huyu alijua kukaanga mayai tu. Angemfundisha na Kiswahili, maana Benita alikisikia vizuri lakini akiulizwa hujibu kwa Kiingereza au Kizulu, na Orpha aliogopa kufa akamwacha mtoto asiyeweza kumlilia bibi yake kwenye simu.

"Keshokutwa nitaenda mwenyewe niwaulize," akasema.

"Usiende!" Ezéchiel akajibu, haraka kupita kiasi. "Wale wa fulana bado wako getini. Safari hii watakuumiza."

"Ndiyo nikae tu?"

"Watapiga."

Kutoka ng'ambo ya mbao sauti ya Denise ikaingia bila hodi. "Mama Benita, nipe hiyo kadi ya hospitali, nitawapigia mimi."

Denise alipiga siku nne mfululizo namba iliyoandikwa kwenye kadi. Iliita mpaka ikachoka. Siku ya tano ikapokelewa na mtu aliyesema hapo ni jikoni.

&nbsp;

Zilipita wiki nne, tano, sita. Kila jioni swali ni lile, jibu ni lile, mpaka jioni moja Orpha hakuuliza. Ezéchiel akavua viatu, akakaa, akangoja swali. Halikuja.

"Huulizi?" akasema mwenyewe.

"Niulize nini? Wametukataa."

"Si wameshasema watapiga?"

"Wamepiga kwa watu wao." Akageukia ukutani. "Papa Benita, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Waliangalia jina, wakaona Cirhuza, wakasema huyu wa wapi? Aende zake."

"Ni juu kwao sisi ni makwerekwere, wageni," Denise akaunga mkono kutoka ng'ambo, sufuria zikigongana. "Dawa mpya utampa mgeni? Hata panadol wanatunyima!"

Kwa Ezéchiel, waliopiga walikuwa watu wa mahakama; stadi kweli haikupiga. Akaanza naye kuichukia hospitali kwa dhati, akamlaani yule daktari Mhindi na michoro yake. Hasira hiyo ilimsaidia. Ilimfanya asiikumbuke sana ile sauti yenye furaha. Angeweza kumuuliza Benita, mtoto anayeota kwa Kiingereza, lile neno lina maana ngapi. Lakini nani anamuuliza mtoto habari za mama yake kupelekwa mahakamani?

Wiki ya saba macho ya Orpha yakawa ya manjano. Maumivu yakashuka kutoka ubavuni hadi nyonga, akawa halali ila ameketi, kichwa juu ya magoti.

"Nipeleke hospitali," akasema. "Sitaki stadi tena. Nataka sindano ya kulala tu."

Ezéchiel akaona mtego umejifunga. Akimpeleka, watafungua faili, jina litaonekana, na yule polisi mwenye daftari atakuja na pingu hadi wodini. Asipompeleka, ataendelea kumtazama akilia kimya kimya ili Benita asisikie. Usiku kucha aliwaza. Asubuhi akaamua kutafuta wakili.

&nbsp;

Watu mia tatu walipita mlango wake kila siku, na mmoja tu ndiye aliyelijua jina lake. Alikuwa Wairimu, Mkenya, afanyaye hesabu za bima ghorofa ya sita. Siku ya kwanza alimsikia akinong'ona sala kwa Kiswahili, akasimama na viatu vyake virefu, akasema, "Kumbe wewe ni wa nyumbani!" Tangu hapo kila asubuhi walisalimiana, ingawa nyumbani kwa mmoja na kwa mwingine palitenganishwa na nchi mbili na mshahara usiopimika.

"Madam Wairimu," Ezéchiel alimwambia siku hiyo, kofia mkononi. "Ninaomba msaada. Natafuta wakili. Wa bei ya chini."

"Wakili wa nini tena, Ezéchiel?"

"Mke wangu ana kesi."

Wairimu akatazama saa, kisha akamtazama yeye, akaacha kutazama saa. Alimpeleka kwenye kantini ya ghorofa ya chini, ambako walinzi hawaruhusiwi kukaa. Ezéchiel akakalia ncha ya kiti. Akaeleza yote: geti, fulana, daftari la polisi, simu.

"Ngoja, ngoja," Wairimu akasema. "Kwani walisema amefanya nini?"

"Hawakusema. Walisema trial tu. Aje Alhamisi."

"Korti gani?"

"Hawakutaja."

"Walisema aje na nini?"

"Na karatasi zake. Na dawa zake zote."

Wairimu aliweka kikombe chini. "Na dawa zake?"

"Ndiyo. Nauli wangerudisha."

"Ezéchiel." Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa kama ya mtu anayemwendea mtoto aliyepanda dirishani. "Mke wako anaumwa nini?"

Akamwambia. Akamwambia na habari za stadi, ya kwamba walingojea simu lakini hospitali ikawakataa. Wairimu alifumba macho. Alipoyafumbua alinyoosha mkono. "Nipe simu yako."

Aliyajua mambo ya simu kuliko mwenye simu. Alifungua mahali Ezéchiel hakujua pako, pale zinapolala meseji za namba zilizofungiwa. Zilikuwa sita. Wairimu alizisoma kwanza kimya, akasema "Woi" peke yake, kisha akazitafsiri moja moja, kwa sababu Ezéchiel alimwomba afanye hivyo.

"Ya kwanza, siku ile ile. Anasema: samahani, labda nimekosea namba, naitafuta familia ya Orpha Nabintu Cirhuza. Ya pili: nina habari njema, vipimo vimerudi, amekubaliwa. Ya tatu ni ya Alhamisi. Tulimngoja Orpha hadi saa kumi. Ya nne: daktari ameomba nafasi ishikiliwe wiki moja zaidi. Ya tano..." Akasita. "Ya tano anasema, tafadhali, mtu yeyote anayemjua mama huyu, muda unakwisha."

"Na ya sita?"

"Wamempa mwingine. Anamtakia heri."

Ezéchiel alizitazama herufi zile kana kwamba zingeweza kujipanga upya. "Lakini walisema trial," akasema.

"Ni neno lile lile, Ezéchiel. Korti ni trial, na dawa ikijaribiwa kwa wagonjwa nayo ni trial. Stadi na trial ni kitu kimoja. Aki, si ungeniuliza! Nilipita hapo asubuhi hiyo, nilikusalimia!"

Hilo la mwisho alilijutia papo hapo, lakini neno likitoka halirudi. Akaipigia ile namba, akaweka sauti ili wote wasikie. Alipokea mwanamke yule yule. Safari hii hakuwa na furaha. Wairimu alieleza kwa Kiingereza laini. Kisha mwanamke akasema kwamba nafasi ilijazwa, na wiki iliyopita mlango wenyewe ukafungwa, hawaandikishi mtu tena nchi nzima. Akauliza mama anaendeleaje. Akaambiwa macho ni ya manjano. Akashusha pumzi. Hata mlango ungekuwa wazi, akasema, ini likifika hapo mgonjwa haruhusiwi tena.

"Muulize," Ezéchiel akasema, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. "Muulize, nikija mimi nikasema kosa ni langu? Mwambie nitatia sahihi ile sentence. Wanifunge mimi, yeye apewe."

Wairimu hakulitafsiri hilo. Alisikiliza, akasema asante mara mbili, akakata.

"Anasema umlete Jumatatu. Atawangoja getini yeye mwenyewe, hakuna atakayewagusa. Watampa dawa ya maumivu, nzuri."

"Ya maumivu."

"Ndiyo."

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni mwa kantini na redio yake. Hakupiga kelele mbele ya Wairimu; alimngoja Ezéchiel arudi lindoni, akamtolea onyo la pili, na kalamu. Ezéchiel alitia sahihi bila kusoma.

&nbsp;

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jioni alifungua mdomo mara tatu, na mara tatu akaomba maji. Jumamosi alifua nguo zote za nyumba, hata zilizokuwa safi. Akamwambia Orpha kwamba Jumatatu wataenda hospitali, amepata mtu wa kuwapitisha. Orpha akambusu mkono, na busu hilo lilimuuma kuliko kofi.

Jumapili walikwenda kanisani Doornfontein, ukumbi wa juu ya karakana, watu arobaini na kinanda kimoja. Alexis alimbeba Orpha ngazi za mwisho. Wakati wa ushuhuda Orpha akainua mkono, na Ezéchiel akajua kwamba Mungu hatamwacha atoke humo salama.

"Ndugu zangu," Orpha akasema, ameshikilia kiti cha mbele. "Mimi nilikuwa na chuki. Kuna dawa walininyima juu mimi ni mgeni. Nimeilaani hospitali, nimemlaani dokta, nimewalaani watoto wake ambao hata siwajui. Leo ninasamehe. Sitaki kwenda na mzigo. Wote walioninyima, nimewasamehe."

"Amina!" kanisa likaitika. Mchungaji akalia. Akaomba Mungu awaguse wote wanaowafungia wageni milango. Ezéchiel alisema amina, akasikia ladha ya chuma mdomoni; alikuwa ameuma ulimi.

Hakuweza tena. Walipofika nyumbani, saa nane mchana, watu wa fleti nzima wakiwa wanapika na Benita akicheza kwenye korido, alishusha pazia la mlango, akapiga magoti kando ya kitanda. Orpha alidhani anataka kumvua viatu, akanyoosha mguu.

"Hawakukukataa," akasema.

"Nani?"

"Stadi. Walipiga."

Akamwambia. Hakujipendelea. Kwa sauti ya chini, ng'ambo ya mbao wasisikie, alimweleza neno, na namna alivyolisikia, na Parfait, na daftari la polisi. Alimweleza meseji sita na mlango uliofungwa. Orpha alisikiliza huku macho yake ya manjano yakimtazama bila kupepesa.

"Lini?"

"Ile Jumanne."

"Jumanne uliyoleta samaki?"

"Ndiyo."

"Nikala." Alifikiri kidogo. "Ukawaambia je?"

"Nikawaambia simjui mtu huyo."

Orpha alimpiga. Lilikuwa kofi la mgonjwa, halikuwa na uzito, akampiga tena na tena mpaka pumzi ikamwishia. "Weye!" akasema kwa mnong'ono. "Weye! Ulitaka kunificha wapi? Ulitaka kunificha wapi mimi, na kansa iko ndani yangu? Si ungemuuliza mtoto! Mtoto wa miaka tisa angekuambia!"

"Niue," Ezéchiel akasema.

"Na nani atamlea Benita? Mjinga!"

Wakalia wote wawili, kila mmoja upande wake. Baadaye Orpha akajipangusa kwa ncha ya shuka.

"Yule mama alitaja jina langu?"

"Alilitaja."

"Lote?"

"Lote. Hata la baba yako."

"Kwenye simu alisikika je?"

"Alisikika anafurahi."

Kitu kikampita Orpha usoni ambacho mumewe hakuwa amekiona tangu siku ya mzaha wa viza. Wiki hizo za mwisho alikuwa amelala akijua kwamba ameangaliwa na kutupwa. "Kumbe walinitaka," akasema polepole. Kisha kwa sauti ambayo Ezéchiel hakujua kama bado anayo: "Walinipigia! Stadi walinipigia! Hawakunikataa!"

Ng'ambo ya mbao mwiko ukaanguka. "Unasema je, Mama Benita?"

"Walipiga, Denise! Walinikubali!"

Kigelegele cha Denise kilipasua fleti. "Alexis! Alexis, sikia! Wamempigia! Bwana amejibu leo leo!" Milango ikafunguka, mtu akaanza kupiga sufuria, mwingine akaanzisha pambio, na kufumba na kufumbua korido nzima ilikuwa inaimba. Pazia likatupwa kando. Benita akaingia mbio, nusu ya nywele zimesukwa, nusu bado.

"Mama! Mama, you got it? You got the medicine?"

Ezéchiel akainuka aende kuwanyamazisha. Orpha akamkamata mkanda wa suruali.

"Kaa."

"Orpha, wanafikiri umepata dawa..."

"Ninajua wanafikiri nini. Kaa. Utawaambia wakimaliza."

Wimbo ulikuwa mrefu, na Denise alizijua beti zote. Ezéchiel akakaa pembeni ya kitanda, na mtoto kati yao akapiga makofi.